Siku Mnyororo Ulipopumua

Mume wangu ana pikipiki, na anaipenda kuliko anavyokubali kusema. Kila Jumapili kabla ya ibada anachukua kopo la dawa lenye mrija mwembamba mwekundu, anapulizia mnyororo, anazungusha gurudumu mara tatu, basi, kazi imekwisha. Mimi namtazama kutoka dirishani kama ninavyomtazama mtu anayesonga bukari, ugali wetu, kwa maji baridi. Simwambii kitu. Lakini mwezi uliopita kopo lilikwisha na madukani hakukuwa na jingine, naye akamimina mafuta ya taa kwenye bakuli kuukuu, akauzamisha mnyororo humo, akaanza kuusugua kwa mswaki. Harufu ikaingia jikoni. Niliweka mwiko chini nikakaa. Kwa muda ule sikuwa mama wa mtu wala mke wa mtu. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, nimechuchumaa uani kwetu Kolwezi, na baba yangu ananiambia nihesabu.

Tulimwita Tata. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kiwandani, kwenye matangi ambamo mawe ya shaba yalilowekwa, lakini kazi hiyo ilisimama mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo siikumbuki. Nilichokikuta mimi ni baiskeli. Kwetu watu huiita kinga, na ile ya Tata ilikuwa nyeusi, nzito, ina chuma kipana nyuma cha kufungia magunia. Alileta makaa kutoka msituni. Aliondoka alfajiri akiikanyaga tupu, akirusha miguu kama kijana, na siku ya tatu alirudi akiisukuma kwa mikono, magunia yamepangwa kupita kichwa chake, hata ukiwa mbali uliona magunia yanakuja yenyewe barabarani na mtu humwoni.

Jumamosi alasiri ilikuwa siku ya mnyororo. Tata aliigeuza baiskeli juu chini, akafungua kibanio kidogo kwa koleo, akautoa mnyororo wote na kuulaza ndani ya kopo la maziwa lenye mafuta ya taa. Tulikaa tukiungoja ulowe. Yeye hakuwa msemaji, lakini juu ya kutu alikuwa na maneno mengi. Kutu ya juu juu, alisema, unaiondoa kwa mswaki, haina kiburi. Iliyoingia kwenye viungo ndiyo adui, maana hiyo unaichokonoa kwa waya, kisha unakikunja kila kiungo huku na huku mpaka kiache kugoma. Baada ya hapo unapangusa, unaanika juani, na ukishakauka kabisa ndipo unadondosha mafuta ya injini, tone moja kwa kila kiungo. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu matone. Viungo vilikuwa mia moja na kumi na viwili. Mwalimu wangu alishangaa kwamba navuka mia bila kujikwaa, akanisifu mbele ya darasa, nami sikumwambia nimejifunzia wapi.

Tone la mwisho likishaanguka, Tata alichukua kitambaa na kuufuta mnyororo wote, mafuta yote tuliyohangaika kuyatia. Mimi niliona ni uharibifu. Alinijibu vilevile kila Jumamosi, akiuita mnyororo sheni kama watu wote wa kwetu.

"Mafuta ya inje ni ya vumbi. Ya ndani njo ya sheni."

Jumamosi moja Mama alipita na beseni la nguo, akamtania kwamba anaiosha baiskeli kuliko anavyowaosha watoto. Tata hakuinua hata macho. Alimjibu, "Mi na hii kinga tuko mutu moja. Siku sheni yake itaisha na kutu, na mi njo nitakuwa nimeisha." Mama alicheka mpaka beseni likatikisika. Nilicheka nami kwa sababu wao walicheka, lakini lile neno sikulichukua kama utani. Mtoto wa miaka tisa hana mfuko wa kuwekea utani. Niliondoka nalo kama lilivyo.

Mvua zilipoanza mwaka ule, Tata alirudi kutoka msituni amelowa mpaka mifupani, na kesho yake hakuamka. Kifua kilimbana. Muuguzi wa zahanati alikuja akatoa dawa, akarudi tena akabadilisha dawa, kisha akaanza kuzungumza na Mama nje badala ya ndani. Chumba changu na chao vilitengwa na ukuta mmoja, na kwa majuma mengi sikulala. Nilisikiliza kukohoa kwake, na zaidi ya kukohoa nilisikiliza ile nafasi iliyo katikati ya kikohozi kimoja na kingine, nikibana pumzi yangu mpaka yake isikike. Asubuhi nilisinzia darasani, na yule mwalimu aliyenisifu akanichapa.

Baiskeli ilisimama chini ya upenu, inatazama ukuta. Mvua ya kwetu haiangushi maji tu. Inapiga ardhi nyekundu na kuirusha juu, na kila tone lililorushwa liliukuta mnyororo. Kwanza ulipata rangi ya chai ya maziwa. Nikaugusa, kidole kikatoka na unga. Baada ya juma ukawa na rangi ya barabara yetu, na viungo vikashikana, ukiuinua haulegei bali unabaki umekunjamana kama ulivyokuwa. Nilikwenda kuutazama kila asubuhi kabla ya kwenda kumsalimia Tata, na nilichokiona kwenye mnyororo nilikiona tena kitandani. Alikonda, nao ulizidi. Alipokohoa vibaya, niliamini kuna kiungo kimeshikana usiku huo. Sikuhitaji muuguzi kuniambia kitu.

Kisha akaja mjomba, kaka yake Mama, kutoka Dilolo. Watu hawasafiri kutoka Dilolo wakati wa mvua kuja kusalimia tu, hata mimi nilijua hilo. Alikaa na Mama uani, mimi nikiwa nyuma ya pipa la maji, na akamwomba ajiandae. Sisi tungehamia kwake, alisema, Tata akishaondoka. Hakutaja kaburi. Alisema kuondoka, na Mama akaitikia kwa kichwa huku akichambua sombe ya muhogo, jani moja moja, polepole sana. Nilitambaa nikatoka nyuma ya pipa, nikaenda moja kwa moja upenuni. Kama watu wazima walikuwa wamekata tamaa, basi kazi ilikuwa imebaki yangu.

Mafuta ya taa hayakuwepo. Yaliyobaki yalikuwa ya koroboi, na Mama aliyalinda. Mafuta ya injini nayo yalikwisha. Nilichokipata ni mawese. Niliiba kikombe kimoja nikaupaka mnyororo wote, kwa ukarimu, nikakumbuka hata kuhesabu. Kwa saa moja ulipendeza. Halafu wakaja siafu, na baada ya siafu wakaja kuku wakidonoa siafu, na vumbi likaganda juu ya yote hayo hata mnyororo ukafanana na kitu kilichokaangwa. Mama alinivuta sikio kwa ajili ya mawese, na kwa ajili ya kelele za kuku zilizomwamsha mgonjwa. Sikulia kwa sababu ya sikio. Nililia kwa sababu siku nzima ilikuwa imepotea na Tata alikuwa anazidi.

Aliyenipa njia alikuwa Feza. Familia yake ilitoka upande wa mashariki, baba yake alikuwa na lori la kubeba mizigo, na walisali msikitini, jambo lililonipa mimi ruhusa ya kula kwao sikukuu zao na yeye kula kwetu Krismasi. Feza alikuwa na pete. Wasichana wote wa mtaa tulikuwa nazo, na nadhani ninyi mliokulia kule mnazikumbuka. Nyuma ya nyumba za mwisho palikuwa na shimo la zamani ambamo maji ya mvua yaliyopita kwenye kifusi cha machimbo yalijikusanya, na maji yale yalikuwa ya buluu. Si buluu ya mbingu. Buluu ya nguo mpya. Tulikatazwa kwenda pale, kwa hiyo tulikwenda kila tulipoweza. Ulichukua msumari uliokunjwa kuwa pete, ukaufunga kwenye uzi, ukautumbukiza na kuhesabu mpaka mia mbili. Ukiutoa, ulikuwa umevaa rangi ya dhahabu nyekundu. Msumari wenye kutu uliingia mzee ukatoka bibi harusi.

Tulikaa kwenye ngazi ya nyumba yao, Feza akizungusha pete kidoleni, mimi nikimweleza habari ya Tata na mnyororo. Hakucheka. Aliitazama pete yake, akanitazama mimi.

"Misumari inatoka mupya," alisema. "Sheni nayo itatoka mupya."

Niliona haya kwamba sikuwaza hivyo mwenyewe.

Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi, Mama amekwenda sokoni na mjomba amelala. Tuliigeuza baiskeli wawili, tukitweta. Kibanio kilikuwa kimeshikwa na kutu, tukakigonga kwa jiwe, kisha koleo, kisha jiwe tena, mpaka kikaruka kwenye matope na tukakitafuta kwa vidole. Mnyororo tuliufunga ndani ya kanga ndani ya beseni, kama wasichana wema wanaokwenda kufua. Njiani mama mmoja alitusifu kwa bidii yetu. Feza akamshukuru kwa heshima zote, na mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

Kule shimoni kulikuwa kimya kama kawaida. Hakukuwa na vyura wala wadudu wa majini, na majani hayakuota ukingoni. Utotoni niliuona ukimya ule kuwa ni adabu, kana kwamba viumbe wote walikuwa wamekubaliana kuyapisha maji. Mawingu yalipita chini yetu, meupe, yakiingia upande mmoja wa shimo na kutokea upande mwingine. Tuliufunga mnyororo kwa kamba tukaushusha taratibu, ukafifia, ukabaki mstari mweusi kwenye buluu. Halafu nikaona vitone vya hewa. Vilianzia kwenye viungo, vidogo kama mbegu za mchicha, vikaachia kimoja kimoja na kupanda juu, vikapasuka bila sauti. Vilikuwa vingi mno kuhesabu. Feza alinishika mkono. Hatukuambiana, lakini wote wawili tulijua tunaona nini: mnyororo ulikuwa unapumua.

Msumari ulihitaji mia mbili. Mimi niliuacha mnyororo asubuhi nzima. Nilitaka upone kabisa, usibaki hata na kikohozi kidogo. Tulilala kifudifudi ukingoni, tumeegemeza kidevu kwenye mikono, na sijui kama nilisinzia, maana ninakumbuka Tata akitembea chini ya yale mawingu akiwa na shati lake jeupe la zamani. Jua lilipofika utosini tulivuta kamba. Ulipotoka, ulikuwa wa rangi ya shaba kutoka kiungo cha kwanza hadi cha mwisho, laini, unameremeta, na ulilegea mikononi kama kwamba hakuna kiungo kilichowahi kugoma. Nimeona vitu vizuri maishani, nimewaona watoto wangu wakizaliwa, lakini ile furaha ya kwanza haijapata mwenzake. Nilikuwa nimemponya baba yangu.

Nilimfuata chumbani nikamwambia aje aone. Alinitazama, pengine akaona usoni pangu kitu ambacho hakikumpa nafasi ya kukataa. Alijifunga blanketi, akaja akishika ukuta, akaketi kwenye benchi mbele ya baiskeli. Aliunyoosha mkono akaugusa mnyororo, akausugua kwa kidole gumba, akakinusa kile kidole. Kisha akautazama uwanja, na nyumba za mwisho, na upande wa lile shimo, akayarudisha macho kwangu.

Alitaka kujua nani kanifundisha. Nilimwambia hakuna, nikamficha Feza. Aliuliza kwa nini. Hapo maneno yalinitoka yote kwa pamoja.

"Ulisema na kinga muko mutu moja. Sheni ikiisha na kutu, utakufa. Njo nikaenda kuiponesha."

Nilingoja kofi. Watoto wa mtaani walichapwa kwa kupita tu karibu na yale maji. Tata alifunika uso kwa kiganja, mabega yakatikisika, na sikuweza kujua kama ni kikohozi au kicheko. Alipokiondoa kiganja, macho yake yalikuwa mekundu.

"Basi, imepona," alisema. "Na mi nitapona. Lakini kwa ile maji hautarudia tena. Sheni inaponaka mara moja tu."

Akanituma majivu ya jikoni na ndoo ya maji safi. Kwanza aliosha mikono yangu kwa sabuni, mara tatu, kidole kwa kidole, akiitazama ngozi iliyokuwa imeanza kuwasha. Halafu tuliuosha mnyororo kwa majivu, akamtuma mjomba kwa jirani kuomba mafuta ya injini kidogo, na tukaketi wote wawili, yeye anadondosha, mimi nahesabu. Ilibidi apumzike mara nne. Tulifika mia moja na kumi na viwili jioni inaingia, naye akaufuta mnyororo wote kwa kitambaa, taratibu kuliko siku nyingine zote.

Juma lile aliomba bukari. Muuguzi alisema dawa ya mwisho imeshika. Watu husema hivyo. Mjomba alirudi Dilolo peke yake, na kumwona akipanda lori nilijisikia mkubwa. Nilianza kulala. Kikohozi kilikuwepo bado, lakini sikukisikiliza tena, maana nilijua kwamba upande wa pili wa ukuta, chini ya upenu, kila kitu kilikuwa shwari.

Mvua zilipopungua Tata akarudi kwenye makaa. Nilimsindikiza mpaka kona. Aliisukuma baiskeli, akageuka akanipungia, akaendelea kuisukuma. Nilijiambia wengine hupanda wakishafika barabara kubwa, nikarudi nyumbani. Siku ya tatu Mama alipika chakula chake akakifunika. Siku ya nne alikipasha moto. Siku ya tano alisimama mlangoni tangu asubuhi, na mimi peke yangu sikuwa na wasiwasi. Nilimweleza kwamba mnyororo wa sasa una nguvu, lazima Tata amekwenda mbali zaidi, mpaka kwenye miti mizuri. Mama alinitazama kwa namna ambayo niliichukua kuwa ni kuniamini.

Yale magunia yalitokea jioni ya siku ya tano. Nilikimbia, na ninakiri kwamba kabla ya kumsalimia baba yangu niliinama kutazama mnyororo. Ulikuwa vilevile. Haukukwaruzika hata mahali pamoja, shaba yote ipo, hata kwenye viungo vinavyopandana na meno. Nilimwonyesha, naye akasema kweli, ni mnyororo wa ajabu. Alikwenda tena mara mbili hivyo, siku tano kila mara, na mara zote ulirudi uking'aa. Mwisho wa msimu nilikuta baiskeli imevaa mnyororo mwingine, wa kijivu, wa kawaida. Tata aliniambia ule wa shaba umestahili kupumzika. Niliona ni haki. Baadaye tulihama nyumba, na sijui ulipotelea wapi.

Tata hakufa mwaka ule wala miaka mingi iliyofuata. Alinipeleka kanisani siku ya harusi yangu, aliwabeba wanangu, aligombana na mume wangu juu ya namna ya kukaza spoki. Alikufa msimu wa kiangazi uliopita, mzee, kitandani kwake. Kwenye kilio, usiku wa kwanza ukishapita na watu wamechoka kulia, huja saa ambayo kila mmoja anasimulia. Nilisimulia mnyororo. Nimeusimulia maisha yangu yote, ninajua wapi pa kunyamaza na wapi pa kuinua sauti. Kuku na siafu waliwachekesha mpaka wapishi. Nilimalizia kama ninavyomalizia siku zote, kwamba ule mnyororo ulikwenda msituni na kurudi mara tatu bila kukwaruzika.

Watu walicheka, isipokuwa Tata Muteba, maana kwetu kila mzee huitwa tata. Huyu alikuwa mwenzake baba katika makaa, mzee sasa, amebaki peke yake katika kundi lao. Alingoja watu watawanyike kwenda kula, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Mama," aliniambia, "ile sheni tata yako hakuikanyagaka hata siku moja. Kwenda na kurudia, alikuwa anasukuma tu. Siye tulikuwa tunapanda, tunamupita, tunamucheka. Nikamuuliza, ndugu, kinga iko na ugonjwa gani? Akaniambia: maji ya shaba imekula hii sheni. Inje inangaa, ndani hakuna kitu. Nikikanyaga itakatika. Na nikirudia na sheni ya kukatika, mutoto wangu atawaza ya kama mi nakufa."

Aliongeza kwamba barabara ile ina vilima vinne, na kwamba baba yangu alipumzika kwenye kila kimoja, amekaa chini, baiskeli tupu imelazwa pembeni.

Kwanza nilikasirika. Nilimkasirikia maiti, jambo la aibu, kwa kuniacha niseme upuuzi ule kwa miaka yote hiyo mbele za watu. Mtu aliyefanya kazi kwenye matangi ya shaba ujana wake wote alijua tangu aliponusa kidole. Na mimi nilikuwa nimeshika ushahidi mikononi mwangu: mnyororo unaokanyagwa hufutika rangi kwenye meno siku ya kwanza. Mia moja na kumi na viwili, nimevihesabu, nikaona viko salama vyote, na sikujiuliza. Halafu hasira ikanitoka, nikaona kifua kile kilichokuwa hakijapona, na vilima vinne.

Nilimkuta Mama nyuma ya nyumba, amekaa na shangazi zangu kwenye mkeka. Nilipiga magoti nikamuuliza kwa sauti ya chini kama alijua.

Hakushtuka. Alinitengenezea kitambaa changu cha msiba kilichokuwa kimelegea, kama alivyokuwa akifanya kabla hajanituma shuleni.

"Nilijua. Mi njo nilikuwa nakanda miguu yake."

Nilimuuliza mbona basi hawakuniambia, hata nilipokuwa mkubwa, hata mara moja.

"Ulikuwa umeanza kulala," Mama alisema. "Njo ile alikuwa anataka."